Itapumulia Wapi?

"Sasa hii itapumulia wapi?"

Baba aliuliza hivyo huku akilizunguka boksi uani, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukipapasa ubao wa nyuma kutafuta tundu ambalo halikuwapo. Ilikuwa Desemba, wiki ya kwanza ya likizo yangu, na uani kwetu Makorora, Tanga, vumbi la MDF lilikuwa limetua juu ya kila kitu: juu ya ndoo, juu ya majani ya mlimau, juu ya kope za Baba mwenyewe.

"Haipumui, Baba. Inazibwa pande zote."

"Spika isiyopumua," alisema, akamtazama fundi seremala kama mtu anayetafuta shahidi. Fundi akacheka, akaendelea kupiga msasa.

Swali lile lilikuwa la mtu anayejua anachouliza. Kwa miaka kumi na mitatu Baba alikuwa na banda la video, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Mabenchi ya mbao, mapazia meusi, runinga ya inchi 21 juu ya meza ndefu, na kila upande boksi la spika alilolipiga kwa mikono yake, refu kuliko mimi wakati huo. Kila boksi lilikuwa na spika ya inchi 15 na, chini yake, tundu la mviringo. Sisi watoto tulikuwa tukiingiza mikono mle ndani ili tuusikie upepo. Mikanda ya Kihindi, ya Kichina, ile iliyotafsiriwa na Lufufu, Ligi Kuu ya Uingereza Jumamosi jioni, yote ilipitia kwenye maboksi yale. Kiingilio kilikuwa shilingi mia kwa filamu na mia mbili kwa mpira. Baba alisimama mlangoni na mfuko wake wa sarafu, na kila filamu ilipoanza alitoa tangazo lile lile: "Wa mbele kaeni chini, wa nyuma nao wana macho."

Mwaka 2016 nilipochaguliwa kwenda kidato cha tano, banda lilifungwa. Elimu bila ada wakati ule iliishia kidato cha nne, na mimi nilikuwa nimepangiwa shule ya bweni mbali na kwetu: ada, godoro, sare, nauli ya kwenda na kurudi. Baba aliniambia kwamba usiku mmoja umeme ulikuja mwingi ukaunguza amplifaya pamoja na spika. Niliamini. Nani asiyejua habari ya umeme kuja mwingi?

Miaka saba baadaye nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya takwimu, Dar es Salaam. Mama, kwa furaha, ulimi ukamteleza: "Baba yako aliuza mpaka spika zake, kumbe hakukosea." Kisha akanyamaza. Akaniomba nisiseme kwamba nimeambiwa.

Mwingine angetuma pesa. Mimi nilipopata kibarua cha kusafisha data za mradi wa utafiti, niliamua kurudisha spika.

*

Nilianza kwa ujinga. Nilidhani besi ni suala la kununua kitu kikubwa na kukiunganisha. Usiku, baada ya kufunga kompyuta ya kazi za chuo, nilisoma na polepole nikaelewa kwa nini spika inahitaji boksi. Koni ikisukuma hewa mbele, wakati huo huo inaivuta nyuma. Sauti ya mbele na ya nyuma zikikutana, kwenye besi zinauana. Boksi kazi yake ya kwanza ni kuzitenganisha.

Boksi lenye tundu linaitumia ile sauti ya nyuma. Hewa iliyomo kwenye tundu inatikisika kwa mdundo mmoja na kuisaidia koni katika eneo hilo. Ndiyo maana besi ya banda ilikuwa kubwa kwa umeme mdogo. Ndiyo maana pia, nikikumbuka vizuri, bomu, ngoma na mlango uliobamizwa vyote vililia sauti moja. Chini ya ule mdundo boksi halina tena msaada, na sauti inaanguka kama mtu aliyekanyaga hewa ukingoni mwa paa.

Boksi lililozibwa linafanya tofauti. Hewa iliyofungiwa ndani inakuwa springi. Mwaka 1954, Marekani, Edgar Villchur na Henry Kloss walitambulisha spika iliyojengwa juu ya wazo hilo, AR-1. Badala ya koni kushikiliwa na kingo ngumu, ilishikiliwa na hewa yenyewe, na hewa ni springi mwaminifu kuliko kitambaa au karatasi. Sauti ya boksi la namna hii nayo inashuka, ila inashuka taratibu, kama mteremko wa barabara. Boksi likiwa kubwa, springi inalainika na mteremko unaanzia chini zaidi.

Spika niliyoweza kuinunua, ya inchi 15, ikiwa peke yake mezani inatikisika kwa asili kwenye hezi 22. Nilipiga hesabu: kwenye boksi la lita 120 namba hiyo inapanda hadi hezi 36, na koni inadhibitiwa vizuri, haiyumbi wala haikazwi mno. Lita 120 ni madumu sita ya maji. Kwa kuwa nilitaka mawili, kama yale ya banda, nilikuwa ninajenga madumu kumi na mawili ya hewa ambayo haitakwenda popote.

Gharama ya mteremko ule ni umeme. Ukitaka sauti ya hezi 18 iwe sawa na ya hezi 36, unahitaji nguvu mara kumi na sita, na koni itembee mara nne zaidi. Kama huku juu wati 30 zinatosha, kule chini utadaiwa karibu wati 500. Nilikwenda Kariakoo kutafuta amplifaya ya kulipa deni hilo. Kijana wa dukani alinionesha moja iliyoandikwa wati 8,000 PMPO. Niliinyanyua, ikawa nyepesi kama boksi la viatu. Nikamuuliza wati zake halisi ni ngapi.

"Ndugu yangu," alisema, "unataka namba ya ukweli au namba ya kwenye boksi?"

Tulicheka wote wawili. Akanitolea nyingine kutoka rafu ya chini, ya wati 500 kila upande, isiyo na taa hata moja ya kupendeza. Ilikula pesa zangu za miezi minne.

*

Spika zilisafiri kwa basi, moja miguuni, nyingine mapajani. MDF tulinunua Tanga, mbao mbili za milimita 18. Fundi alikata, mimi nikapaka gundi, Baba akashika. Ubao wa mbele tuliufanya wa tabaka mbili, ndani tukapigilia mihimili ili kuta zisitetemeke. Baba alileta mto wa zamani wa sufi tuutumie kujaza ndani. Fundi akamwambia kwa heshima kwamba sufi itashikana na kuzama chini, bora nyuzi za mito ya kisasa. Baba hakubishana, ila mto wake aliurudisha ndani mwenyewe.

Ilipofika zamu ya kupima kama boksi linavuja, Mama alileta chetezo. Tulicheza sauti ya chini kabisa, nikaupitisha moshi wa udi kwenye kila kiungo. Moshi ulipanda umenyooka, ukapanda umenyooka, mpaka ulipofika pale nyaya zinapoingilia. Hapo ukatetemeka. Tukaongeza silikoni.

"Umeme wa saa moja usiku utaiua hiyo amplifaya," Baba alisema jioni ile. "Kila mtu anawasha wakati mmoja, volti zinapanda na kushuka." Akaingia chumbani, nikamsikia akivuta kitu chini ya kitanda. Alirudi na stabilaiza nzito ya chuma, imefutwa vumbi, ina kipande cha plasta kilichoandikwa kwa mkono wake: BANDA.

Ilikuwa nzima. Niliitazama sindano yake ikitulia kwenye volti 230 na nikajiuliza, banda lenye kitu hiki, spika ziliungua vipi? Baba alikuwa ameinama anachomeka waya. Hakuniangalia. Na mimi sikusema.

*

Jaribio la kwanza lilishindwa.

Niliweka filamu ya vita yenye helikopta, ile sehemu inayopita juu ya vichwa. Baba alikaa katikati ya kochi, mikono magotini. Helikopta ikaja. Vikombe vya kabatini vikalia, mabati ya paa yakaitikia, na besi yenyewe, ile niliyoifanyia hesabu mwaka mzima, ikawa kama haipo.

"Mbona kimya?" Baba aliuliza. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyeonja chakula kisicho na chumvi.

Nilikagua nyaya. Nikapima kwa simu. Spika zilikuwa zinafanya kazi. Kilichokosekana kilikuwa chumba. Wimbi la hezi 20 lina urefu wa mita 17, na sebule yetu ina mita tano. Katika chumba kidogo kilichofungwa vizuri, sauti ya chini hivyo haina nafasi ya kusafiri. Inapandisha na kushusha presha ya chumba chote, na kwa hiyo chumba kinaisaidia spika kuupanda ule mteremko. Michoro yote niliyoisoma ilikuwa ya vyumba vya namna hiyo, vyumba vya chini ya ardhi vyenye kuta za zege na milango mizito. Nilikuwa nimeziba maboksi mpaka moshi wa udi haupenyi, nikayaweka kwenye nyumba ya Tanga: madirisha ya nyavu, pazia mlangoni, nafasi juu ya singibodi ya kupitisha upepo. Nyumba iliyojengwa ili ipumue.

"Tufunge madirisha," nilisema.

Tulifunga mbao za madirisha ambazo hufungwa siku za mvua tu. Tulifunga mlango, tukaziba chini yake kwa mkeka uliokunjwa. Tukazima feni. Helikopta ikaja tena, na safari hii haikuja masikioni. Ilikuja tumboni, kisha kwenye kochi, kisha glasi ya maji juu ya meza ikafanya duara ndani ya duara. Mama alisema "Ee!" na kushika kifua. Baba alitabasamu. "Kumbe inashuka," alisema.

Tulidumu kama dakika kumi. Desemba, Tanga, watatu ndani ya chumba kilichozibwa. Jasho lilikuwa linanidondoka kwenye rimoti. Mama alitoka kwenda kunywa maji, akafunga mlango nyuma yake. Nikasimamisha filamu, na kwenye kimya kile nikasema lile nililokuja nalo.

"Baba, najua uliziuza."

Alikaa. Akajifuta uso kwa upindo wa shati.

"Mama yako," alisema.

"Kwa nini uliniambia ziliungua?"

"Mtoto akijua bei ya ada yake, husoma kwa hofu," alisema. "Mimi nilitaka usome tu." Akayatazama maboksi mawili kushoto na kulia kwa runinga, akapiga hesabu ambayo sikumsaidia. "Na hizi umenunua kwa nini? Ili tulipane?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli nilikuwa na daftari. Ukurasa mmoja nilikuwa nimeandika nilichodhani aliuza, na ukurasa wa pili nilichotumia, nikiongeza kila risiti.

"Spika ni nzuri," alisema. "Deni sikulijua mimi." Akasimama, akaenda dirishani, akasukuma mbao zote mbili. Upepo wa jioni ukaingia, na ile besi ya tumboni, nilijua, ikatoka nao.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mteja anayemwomba fundi, kama naweza kumwekea ule mdundo wa zamani. Ule wa banda.

Kitaalamu ni kosa. Unachukua spika inayosema kila sauti kama ilivyo, unailazimisha ing'ang'anie sauti moja. Niliingia kwenye ikwalaiza, nikapandisha desibeli sita kwenye hezi 48, mahali nilipokisia tundu la zamani lilipokuwa likivumia. Nguvu mara nne kwa mdundo mmoja, lakini amplifaya ilikuwa na akiba tele ambayo nyumba ile ilikuwa imeikataa kule chini. Nikarudisha filamu mwanzo.

Bomu la kwanza lililia. Mlango ukabamizwa, ukalia vile vile. Baba akapiga paja, akacheka kwa kelele, kicheko ambacho sikukisikia tangu nilipokuwa naingiza mkono tunduni.

Haikuchukua muda nyavu za dirisha zikaanza kuingia giza. Watoto wa mtaani, kwanza wawili, halafu sita, halafu wale warefu wakisimama mbele ya wafupi. Nilikaribia kuinuka niwaambie sauti tutapunguza. Baba alikuwa ameshafika dirishani, mkono mmoja kiunoni.

"Wa mbele kaeni chini," aliwaambia. "Wa nyuma nao wana macho."