Deni la Baba na Daftari Langu

Daftari langu la mwaka wa pili linafunguka pande mbili. Ukianzia mbele utakuta fasihi: wahusika, maudhui, mbinu za uandishi, maswali ya dondoo. Kila likizo huwa nafundisha watoto wa Kidato cha Nne nyumbani Matiliku, na hiyo ndiyo nauli yangu ya kurudi Nairobi. Ukiligeuza na kuanzia nyuma, utakuta sheria ya kimataifa, somo nililokuwa nalo chuoni. Sikuwa na pesa za madaftari mawili, basi.

Katikati, pande hizo zinapokutana, kuna kurasa nne ambazo sikuziandikia mtihani wowote.

Baba alifariki nikiwa mwaka wa kwanza. Likizo iliyofuata nilishuka Emali, nikabadilisha matatu, nikafika nyumbani jioni, Mlima Nzaui ukiwa umeshaanza kuwa mweusi. Mama aliniacha nimalize muthokoi. Kisha akatoa karatasi ndani ya Biblia na kuiweka mezani.

"Wewe si unasoma sheria? Soma."

Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, na sahihi ya baba niliijua. Alikuwa amekopa shilingi 90,000 kwa jirani yetu. Asipolipa kufikia Desemba, kipande cha shamba cha chini, chenye miembe, kingekuwa cha jirani. Kulikuwa na mashahidi wawili. Mama hakuwa mmoja wao. Aliiona karatasi hiyo kwa mara ya kwanza siku jirani alipomletea nakala, wiki sita baada ya mazishi.

Nilitazama tarehe. Januari, mwaka wangu wa Kidato cha Nne. Nilikuwa nimefukuzwa nyumbani kwa sababu ya karo, nikakaa siku nne, kisha baba akanirudisha shuleni mwenyewe na risiti mfukoni. Sikumuuliza alizitoa wapi.

Usiku ule sikulala. Nililifungua daftari kwa tochi ya simu, nikitafuta chochote cha kumsaidia mama, na upande wa mbele nikakutana na Mabepari wa Venisi. Kitabu hicho nilikinunua kwa muuza vitabu wa barabarani Nairobi, nikawa nakitumia kuwaonyesha wanafunzi jinsi mgogoro unavyojengwa katika tamthilia. Ni tafsiri ya Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, ilitoka 1969. Kisa chake mnakijua: Shylock anakopesha ducati 3,000 kwa miezi mitatu, na zisipolipwa anakata ratili moja ya nyama ya mdhamini. Pesa hazilipwi kwa wakati. Mahakamani Portia anamwambia, sawa, kata, lakini mkataba haukutaja damu. Shylock anaondoka bila nyama, anapoteza sehemu ya mali yake, na anashurutishwa kubadili dini.

Nami nikaanza kuitafuta damu kwenye karatasi ya baba. Haikuchukua muda. Kenya tuna Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, na kifungu cha 6 kinasema shughuli kama hiyo juu ya shamba la kilimo ni batili bila idhini ya bodi. Ombi lenyewe linatakiwa ndani ya miezi 6. Hakuna aliyekuwa amekwenda kwa bodi yoyote, na miezi 6 ilikuwa imepita kitambo.

Asubuhi nilimwambia mama kwa mbwembwe zote. Shamba halitoki. Karatasi ni takataka. Nilijiona wakili kabisa, imebaki wigi tu.

Mama alikuwa akichambua mbaazi. Hakuinua kichwa.

"Na zile pesa, nani alizila?"

Nilinyamaza. Nilizila mimi. Na jirani mwenyewe si Shylock wa jukwaani. Ni mtu aliyebeba jeneza la baba begani. Nilirudi kuisoma ile sheria, na aibu ikanizidi: nilikuwa nimeishia kifungu cha 6. Cha 7 kinasema pesa zilizolipwa katika shughuli iliyobatilika zinadaiwa kama deni.

Hapo ndipo nililigeuza daftari. Upande wa nyuma, ukurasa wa kwanza, nilikuwa nimeandika: Vienna 1969. Mwaka ule ule wa Venisi, na katika mtihani mmoja niliwahi kuchanganya majina hayo. Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba ulipitishwa Mei 1969. Kifungu cha 26 kinasema mkataba unawafunga walioufanya, na wautekeleze kwa nia njema. Cha 31 kinataka usomwe kwa nia njema pia, kwa kuangalia lengo lake. Kwa kipimo hicho Shylock na Portia wote wawili wanaanguka. Nami pia.

Lakini mimi na mama hatukufanya mkataba ule. Tuliurithi. Na swali hilo lilikuwa na ukurasa wake, na jina juu ya ukurasa lilikuwa lile lile la kwenye jalada la Mabepari wa Venisi: Nyerere.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, ilirithi mikataba ambayo Uingereza ilikuwa imeifanya kwa niaba yake. Nyerere hakusema yote inatufunga, wala hakuitupa yote jalalani. Serikali yake iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili itaendelea kuheshimiwa kwa miaka 2, mradi upande wa pili nao uiheshimu. Ndani ya muda huo watu wazungumze. Ukiisha, ile isiyoshikiliwa na sheria ya desturi ya kimataifa inakoma. Kenya nayo ilifuata njia hiyo baada ya uhuru wake. Mkataba wa maji ya Nile wa 1929, uliozipa maslahi ya Misri nafasi ya kwanza, Tanganyika ilitangaza 1962 kwamba haitambani nao.

Niliandika katikati ya daftari: miaka 2, watu wazungumze. Kurasa nne nikazijaza hesabu.

Jumapili tuliketi chini ya miembe, mama, baba mdogo, jirani na mimi. Nilimwambia jirani ukweli wote, hata habari ya bodi. Nikasema, mzee, shamba hatutoi, na sheria iko upande wetu. Lakini deni tunalikubali, ingawa hatukulifanya sisi. Tupe miaka 2.

Alikaa kimya. Kisha akaniambia, "Mwanangu, elfu tisini ya wakati ule si elfu tisini ya leo. Unga ulikuwa bei gani?"

Hilo halikuwa ndani ya daftari. Mama ndiye aliyejibu. Alisema 100,000, na jirani asiongeze neno. Jirani akamtazama baba mdogo, akaguna, akakubali. Alitaka iandikwe. Nilichana karatasi kutoka daftari lile lile, nikaandika, na safari hii mama akatia sahihi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mpaka sasa tumelipa 62,000. Maembe ya msimu uliopita yalitoa sehemu kubwa, mafunzo ya likizo yakatoa kidogo, na mwezi mmoja hatukulipa kitu. Jirani alipita akauliza, mama akamwambia hatuna, akaenda zake. Imebaki miezi minane.

Desemba hii nina wanafunzi saba. Mmoja ni mtoto wa jirani. Baba yake alinipigia simu kuuliza ada ni kiasi gani, nikamwambia atoe kwenye deni. Akakataa. Alisema hayo ni makubaliano mengine, na akatuma pesa taslimu siku hiyo hiyo.