Barua kwa Mpwa Anayekwenda Leipzig

Mpwa wangu Idrisa,

Mama yako anauliza kila siku kama umeshanunua koti. Ninaandika kwa sababu ya neno lililonifikia: eti umewaambia wenzako kwamba Wajerumani walimchagua Hitler wenyewe kwa kura, kwa hiyo demokrasia haifai na nchi inataka mkono wa chuma. Kama ni uzushi, niwie radhi. Baba yako alipodai historia haina ugali, mimi ndiye niliyekutetea mbele ya ukoo, hivyo nina haki ya kuuliza.

Tuzitazame hizo kura. Julai 1932 Wanazi walipata asilimia 37, wakawa chama kikubwa kuliko vyote bungeni, lakini hawakuwa na wingi wa kutawala peke yao. Novemba wakashuka hadi 33. Tarehe 30 Januari 1933 Rais Hindenburg akamteua Hitler kuwa kansela, kwa ushawishi wa kansela wa zamani Papen na wahafidhina wenzake waliodhani wamepata mtu wa kumtumia. Ndiyo maana baraza lake la mawaziri lilikuwa na Wanazi 3 tu, naye akiwemo. Utanijibu kwamba asilimia 37 si haba, na kwamba watu walikuwa na njaa. Nakubali; wasio na kazi walikuwa karibu milioni 6. Lakini huo mkono wa chuma ulikuwa umeshaonjwa: tangu 1930 Kansela Brüning alitawala kwa amri za rais chini ya Ibara ya 48 ya Katiba, na mwaka 1932 Bunge lilipitisha sheria 5 tu. Watu walizoea kutawaliwa bila Bunge kabla Hitler hajaingia ofisini.

Kisha soma kikao cha 23 Machi 1933 neno kwa neno. Jengo la Bunge limeshaungua, wabunge wanakutana katika ukumbi wa opera wa Kroll, Berlin, bendera kubwa ya swastika ukutani, wanamgambo wa SA wamejipanga ndani. Wakomunisti 81 hawamo; wengine wako kizuizini, wengine mafichoni. Kinachopigiwa kura ni sheria ya kuiruhusu serikali ya Hitler itunge sheria bila Bunge. Otto Wels wa SPD, chama cha Wasoshalisti wa Kidemokrasia, anasimama kuipinga, na chama chake kinapiga kura 94 za hapana. Za ndiyo ni 444, zikiwemo za Chama cha Kati cha Wakatoliki, kilichoridhika na ahadi. Kufikia Julai hata hicho chama hakipo. Hao wa ndiyo ndio wanaonikera zaidi, maana walikuwa wasomi na walijua sheria.

Usikomee 1945, kama wafanyavyo wavivu. Adenauer, ambaye Wanazi walimng'oa umeya wa Köln, ndiye aliyeongoza baraza lililoandika Sheria ya Msingi ya 1949, yaani katiba ya Ujerumani Magharibi: Bunge halimwangushi kansela bila kumchagua mrithi wake. Utasema majeshi ya kigeni yalikuwa yanatazama. Yalikuwepo, ila kifungu hicho kilitokana na majeraha ya Wajerumani wenyewe. Na huko Leipzig uendako, upande wa Mashariki, dola ilikuwa na mkono wa chuma wa kutosha, polisi wa siri wa Stasi na orodha moja ya wagombea. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 wakaandamana, na hakuna risasi iliyofyatuliwa. Hoja yako ijibu hilo pia.

Jifunze Kijerumani, usiishi kwa tafsiri. Na mlipe dada yako ile fedha kabla hujaondoka.

Mjomba wako