Springi ya Mjukuu



Usistaajabu kumwona mwalimu wa chuo akikuandikia habari za bunduki. Niitajayo ni bunduki ya upepo, isiyotiwa baruti, na nitakalo kukueleza ni habari za tumbo lake: springi, pistoni na washa, na namna ya kuvibadili vikishachakaa. Mimi tangu ujana wangu, nikitoka kufundisha, mkono wangu haukukaa bure. Nimefungua cherehani, saa za ukutani na karabai za msikitini. Na wewe ukiwa umewahi kubadili washa ya ngozi ya pampu ya karabai, au ya stovu ya mafuta ya taa jikoni kwako, basi nusu ya kazi hii umekwisha kuijua, wala usitishwe na jina la bunduki.

Wengi hudhani kwamba springi ndiyo inayoisukuma risasi. Sivyo. Unapoukunja mtutu, pistoni hurudi nyuma ikaibana springi, kisha ikashikwa na mtambo. Ukivuta kidole, springi hujinyosha na kuirusha pistoni mbele, nayo pistoni huusonga upepo uliomo ndani ya silinda mpaka ukapata nguvu na joto. Upepo huo, kwa kupita katika tundu dogo, ndio uitoao risasi. Na tazama ajabu yake: upepo ule ule uisukumao risasi mbele huizuia pistoni, ikatua mfano wa mtu akaaye juu ya mto wa sufi. Pasipo na mto huo, chuma hupiga chuma. Ndiyo sababu haifai kuifyatua bunduki hii ikiwa tupu, hata mara moja kwa kujaribu. Lishike sana hili la mto wa upepo, kwani mengi nitakayoyasema yamesimama juu yake.

Mwaka 2019 nilikwenda Birmingham, Uingereza, kwa binti yangu aliyeolewa huko. Wanakaa mtaa wa Small Heath, ambao wakazi wake wengi siku hizi ni Waislamu, na ndio mtaa kilikojengwa, katika miaka ya 1860, kiwanda cha silaha cha BSA. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 19, alikuwa amenunua BSA ya zamani aina ya Cadet Major, katika zile zilizotengenezwa baada ya vita vikuu vya pili, kabla haijatokea Meteor mwaka 1959. Ilikuwa imechoka, risasi ilitoka kwa kukohoa. Kijana akaagiza springi mpya, akanijia nayo mezani kwa furaha.

"Babu, hii ndiyo kali kuliko zote walizonazo."

"Kali kwa nani, mjukuu wangu? Kwa risasi au kwa bunduki yenyewe?"

Akacheka, asijibu. Nikamwambia tuifungue kwanza, tumjue mgonjwa ni yupi kabla ya kumnywesha dawa. Na hapa ndipo wapoteapo vijana wengi, wa huko na wa huku kwetu: bunduki ikilegea, hununua springi. Tulipoifungua, springi ya zamani ilikuwa imepinda kidogo tu. Iliyokufa ilikuwa washa ya ngozi iliyo kichwani mwa pistoni, imekauka kama andazi la juzi na kingo zimemeguka. Upepo ulikuwa ukipita pembeni na kurudi nyuma. Sasa ukitia springi kali nyuma ya washa ivujayo, umefanya nini? Umeiondolea pistoni mto wake, kisha umeirusha kwa nguvu zaidi.

Jirani yao, mzee wa Kiingereza aliyekuwa fundi wa mitambo, alipopata habari alituletea pistoni ya bunduki yake nyingine, iliyotumika miaka na springi kali. Uso wake ulikuwa umetandaa kama kichwa cha patasi kilichopigwa nyundo. Mzee hakuhubiri, aliiweka mezani akaomba chai. Kijana akaigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu.

Kisha tukapima, kwani hesabu haina upendeleo. Mapindi 30 ya waya wa milimita 3, yakibanwa hata yakagusana, hufanya milimita 90, na hapana mkono uwezao kuyapunguza tena. Nafasi ya springi pistoni ikiwa nyuma kabisa ikiwa ni milimita 88, mtambo hautashika abadani, na mwenye kulazimisha atapinda kitu au atavunja kitu. Springi ya kijana waya wake ulikuwa mnene kupita ule wa kiwanda, na hesabu yake ikatoka imezidi nafasi tuliyokuwa nayo.

"Basi tuikate mapindi mawili, Babu."

Kukata kwawezekana. Lakini pindi la mwisho lazima lipashwe moto, lifungwe, lisagwe likae sawasawa, la sivyo springi itasimama upande na kuparuza. Na hata ukifanya hayo yote, silinda ya bunduki ile ni ndogo, upepo uliomo una kiasi chake, na springi haizidishi upepo hata kidogo. Utaongeza kishindo, utaumia bega, na shabaha itakimbia. Mimi sioni faida hapo, ingawa najua wapo wajisifuo kwa kishindo.

Tukaagiza springi ya kipimo cha kiwanda na washa ya ngozi. Ngozi iliyo kavu usiitie vivi hivi. Tuliilaza usiku kucha katika mafuta, asubuhi tukaifuta mpaka isichuruzike. Kingo zake hutazama mbele, kuliko na upepo, ili upepo ukizidi uzipanue zishike ukuta wa silinda, sawasawa na pampu ya karabai. Wako wasemao ngozi imepitwa na wakati, watie plastiki. Katika bunduki mpya sawa, lakini silinda ya zamani ukuta wake umelika huku na huku, na ngozi hujifunza umbo la nyumba yake, plastiki haijifunzi.

Ndani ya silinda mna mwanya upitao mkono wa kukunjia, na kingo za mwanya huo huweza kuwa kama wembe. Zipitishe msasa laini kwanza, ama sivyo washa mpya itakatika siku ya kwanza, nawe utamlaumu aliyekuuzia. Kisha ingiza pistoni peke yake, bila ya springi, ziba tundu la upepo kwa kidole, uisukume. Ikikataa na kurudi kama mpira, washa imekaa. Ikienda moja kwa moja, inavuja. Ikiwa nzito hata kabla hujaziba tundu, imebana mno. Springi nayo yafaa iingie katika kijiti chake cha kuongozea kwa kusukumwa kidogo. Ikichezacheza ndani yake, bunduki italia kama waya wa gambusi kila ikifyatuka. Grisi paka kidogo kuliko unavyodhani, na mbele ya pistoni usipake kitu, kwani upepo ukisongwa hupata joto la kuwasha mafuta, kama injini ya dizeli. Risasi zetu za mwanzo zilitoa moshi, kisha ukakoma.

Sasa la hatari. Springi huwa imebanwa hata bunduki ikiwa haikukunjwa. Ukiondoa pini au skrubu za nyuma bila ya kuizuia, itaruka na chuma chake usoni mwako. Tulitumia bana ndefu ya seremala, tukailegeza polepole, nyuso zetu zikiwa upande. Na ukiukunja mtutu kutia risasi, usiuachie mkono hata chembe. Mtambo mbovu ukiponyoka, mtutu hurudi kwa nguvu, na vidole ndivyo vitakavyokuwa katikati.

Kule kuna na sheria. Bunduki ya upepo Uingereza haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, na nguvu yake isipite futi-ratili 12, kiasi cha jouli 16 na kidogo. Ikipita hapo huhesabiwa silaha ya moto, na kuwa nayo bila ya cheti ni kosa la kufungwa. Bunduki yetu haikuwa na uwezo wa kufika huko, lakini kubwa zipo ambazo springi moja tu huzivusha mpaka, na mwenyewe hajui mpaka apimiwe mbio za risasi. Huku kwetu usiifuate sheria ya wengine: nenda polisi uulize kabla hujaishika.

Akaniuliza, "Na njiwa wa juu ya paa je, Babu?" Nikamwambia jina lenyewe la bunduki latokana na Kiarabu, bunduq, nalo ni kokwa, kisha likaitwa tufe dogo la udongo walilowindia watu wa kale. Ibn Umar alimhesabu mnyama aliyeuawa na tufe hilo kuwa ni aliyekufa kwa kipigo, naye ni katika walioharamishwa katika Suratul Maida. Wapo wanavyuoni wa baadaye waliotofautisha risasi ipenyayo. Lakini sisi Shafi twasema, ukimdiriki yu hai mchinje, ama amekwisha kufa mwache. Na kumfanya mwenye roho kuwa shabaha ya mchezo, hilo Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikataza. Nikamkumbusha na kukataza kwake kurusha vijiwe kwa vidole, kwamba haviwindi mnyama wala havimdhuru adui, ila huvunja jino na kutoboa jicho. Kijana akanyamaza, akatazama dirishani walikokuwa wakicheza ndugu zake wadogo.

Tukasimamisha karatasi mwisho wa ua, nyuma yake gunia la mchanga, watoto wakaitwa ndani. Kwa hatua 12, risasi 10 zilikaa katika mviringo uwezao kufunikwa na sarafu. Springi kali ilikuwa ingali katika karatasi yake. Aliirudisha kwa posta, na kwa thamani yake akaagiza washa mbili za ngozi, moja ya akiba.