Kutoka Simulizi ya Ukoo hadi Kitabu cha Watoto

Kitabu hiki cha picha kilitokana na kisa cha babu mdogo wa mwandishi, aliyezaliwa kiziwi na kuwa fundi cherehani kwenye baraza moja la Kariakoo. Shule ya kwanza ya viziwi nchini Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, naye utoto ulikuwa umempita. Ile ya Buguruni, jirani na Kariakoo, ilipofunguliwa mwaka 1974 alikuwa fundi mwenye wateja wake. Alama alizotumia zilizaliwa pale pale barazani, kati yake na wauza vitenge, wateja na watoto wa mtaa.

Mwandishi alihadithiwa kisa hicho na bibi yake. Alikuwa nacho miaka yote ya kufundisha shule ya msingi, na baadaye katika kazi ya uhariri maeneo ya Posta. Hadithi nyingi alizosomesha zilimleta mtoto mwenye ulemavu ili ahurumiwe au aponywe. Fundi wa Kariakoo hakuponywa. Alishona, akalipwa, na mtaa ukajifunza kuzungumza naye. Hapo ndipo palipokuwa na kitabu.

Kazi ilianza kwa idhini, kwa kuwa kisa ni mali ya ukoo. Wazee waliridhia kwa sharti kwamba jina libadilishwe na magomvi ya mirathi yasiguswe. Mhusika mkuu akawa fundi huyo akiwa mtoto, ili msomaji akutane na rika lake. Kwa kuwa karatasi za matbaa hukunjwa kwa mafungu, kitabu kilipangwa kurasa 24, kila ukurasa sentensi mbili au tatu. Jambo lililoonekana kwenye picha liliondolewa kwenye maneno.

Kazi kubwa ilikuwa michoro ya mikono. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake. Uso na mwelekeo wa kiganja hubeba maana sawa na vidole. Alama za barazani zilijulikana mtaa mmoja tu, hivyo kitabuni ziliwekwa za lugha hiyo, ili mtoto kiziwi wa Mwanza au Mtwara azitambue. Viziwi, wakubwa kwa wadogo, walisahihisha kila mchoro kabla haujatiwa rangi.

Muswada ulipokamilika, namba ya ISBN ilitolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake. Sheria humfungulia mlango wa darasa. Hadithi huwaandaa wenzake kumpokea. Koo nyingi zina mtu kama fundi huyu. Waandishi na waandike habari zake wangali hai waliomjua, na wenye ulemavu wawe wa kwanza kuusoma muswada na kuuhukumu.