Rangi ya Dhahabu

Kopo lilikuwa dogo, na juu yake paliandikwa "rangi ya dhahabu". Tulilinunua kwa fedha za waamini. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo lililotusumbua kuliko mengine yote.

Kikanisa cha seminari yetu kiko karibu na bahari. Mlango wa tabernakulo ni wa mninga, na ukuta wa mbao ulio nyuma ya altare ni wa mninga vilevile. Vyote vilikuwa vimechakaa. Sikukuu ya msimamizi wetu ilipokaribia, kamati ya liturujia, yaani sisi mafrateri sita pamoja na mlezi wetu, tulipewa kazi ya kuvipendezesha. Tukapita katika jumuiya ndogondogo za jirani kuomba mchango, tukisema tunataka kupaka tabernakulo rangi ya dhahabu. Mama mmoja mjane, muuza maandazi, alifungua fundo la kanga yake, akahesabu sarafu na noti, akatukabidhi. "Hii ni ya dhahabu ya Yesu," akasema. Tulimshukuru. Hatukumsahihisha.

Hapo ndipo lugha yetu ilipotuponza, au tuseme ndipo tulipojificha nyuma yake. Sisi tulimaanisha rangi inayofanana na dhahabu. Yeye alisikia dhahabu.

Siku ya sikukuu kila kitu kilimeremeta, na wageni wakatusifu. Kabla masika mbili hazijapita, mlango ule ulianza kuwa wa kahawia, kisha pembeni mwa tundu la ufunguo, mahali vidole hugusa kila siku, pakatokea ukijani. Baadaye tulijifunza sababu. Rangi nyingi za namna hiyo hazina dhahabu yoyote. Huwa na unga laini wa shaba na zinki uliochanganywa na vanishi. Shaba ikikutana na unyevu, chumvi ya hewa ya bahari na jasho la mikono, hubadilika. Haikuwa hila ya muuzaji. Kopo lilisema "rangi" na ndani mlikuwa na rangi.

Jumamosi moja yule mama alikuja na wenzake kufanya usafi wa kikanisa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, Amina."

Akautazama mlango kwa muda. "Mafrateri wanangu, kumbe dhahabu nayo huota kutu?"

Mmoja wetu akasema, "Ni unyevu, Mama." Ilikuwa kweli, na haikuwa jibu.

Jioni ile tulimwendea mlezi wetu. Hakutukaripia. Alitufungulia Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 328, panaposemwa kuwa vyombo vitakatifu vitengenezwe kwa madini ya thamani, na kama madini yake hushika kutu au ni duni kuliko dhahabu, kwa kawaida vipakwe dhahabu upande wa ndani. Tulikuwa tumeisoma darasani, hata tukaijibu kwenye mtihani. Usiku ule neno "ndani" lilitukaa kooni. Kanisa linajali dhahabu iwepo pale ambapo msharika wa benchi la mwisho haoni kitu. Sisi tulijali benchi la mwisho tu.

Kukawa na mabishano makali. Mwenzetu anayetoka Geita, ambaye amekua akiona watu wakichimba dhahabu na kubaki maskini, alitaka rangi yote ikwanguliwe na mninga ubaki mninga. Kwake kila kifuniko ni udanganyifu, kiwe cha rangi au cha dhahabu. Mwingine akamkumbusha Sanduku la Agano katika kitabu cha Kutoka, mti wa mshita uliofunikwa dhahabu safi ndani na nje, wala hakuna aliyesema Musa alidanganya. Mwenzetu wa Geita akajibu kwamba Musa hakuwa akizungukia wajane na daftari la michango. (Tulicheka, lakini alikuwa na haki.) Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati yake kuhusu liturujia, hutaka uzuri wenye heshima kuliko fahari ya gharama. Kila upande uliidai hati hiyo kuwa yake.

Tulikubaliana mambo mawili. Fedha za waamini zisiguswe tena. Tungetumia mapato ya mradi wetu wa kuku. Na kitakachowekwa kiwe ndicho kile tunachokitaja kwa jina, hata kikiwa kidogo.

Fundi aliyekuja ni mzee mpole, amezoea kazi za makanisa na hoteli. Rangi yetu aliikwangua yote. Ukuta wa mninga aliusugua kwa msasa na kuupaka nta, basi. Msalaba mkubwa wa mbao ulio katikati yake aliufunika kwa shaba ya njano, shaba halisi. Alichanganya unga wa shaba na gundi ya resini na dawa ya kuigandisha, unga ukiwa mwingi sana kuliko gundi, akaupuliza kwa kompresa. Ulipokauka ulikuwa na sura ya matope makavu, nasi tukatazamana kwa hofu. Kumbe shaba imefunikwa na ngozi nyembamba ya gundi. Akatupa msasa laini na stiliwaya, tukasugua alasiri nzima mpaka shaba ikajitokeza.

Tulimwuliza kama nayo haitageuka kijani kama ile ya kwopo. "Itafifia," alisema, "ni shaba. Lakini hii mnaweza kuisugua ikarudi, maana chini ya shaba kuna shaba tena." Alitutajia misumari ya shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ambayo huchakaa na kung'arishwa na kuchakaa tena. Angeweza kuupaka msalaba vanishi ya kuzuia hewa. Tulimwomba auache wazi. Sasa kusugua msalaba ni kazi ya kila Jumamosi, na hatuigombanii.

Kwa mlango wa tabernakulo alileta kijitabu chenye karatasi 25 za dhahabu, kila moja ya sentimita 8 kwa 8. Karatasi hizo hufuliwa mpaka unene wake uwe kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Haziguswi kwa kidole, maana hunata na kuchanika. Tulifunga madirisha na kuzima feni, tukavuja jasho kimya kimya. Mlango ulikuwa umelainishwa kwa chokaa na gundi, kisha ukapakwa mafuta maalumu, na mzee alikuwa akisubiri yafikie kunata kwa kiasi tu. Kabla ya kuinua kila karatasi alipitisha brashi yake pana shavuni mwake, ili ipate mafuta kidogo ya ngozi na karatasi iishike. Frateri mmoja alipiga chafya, karatasi moja ikapotea hewani. Mzee hakusema neno.

Upande wa bawaba aliuacha bila dhahabu, upana wa kidole, mninga mtupu. Mwenzetu wa Geita alipouona akauliza kama amesahau. "Hapana," akajibu mzee. "Anayefungua aone ni mti."

Juu ya dhahabu hakupaka vanishi. Dhahabu safi kama ile haiihitaji.

Kisha tulipiga hesabu. Karatasi zote 25 kwa pamoja zina dhahabu ya takriban theluthi moja ya gramu. Pete ya ndoa ina nyingi zaidi.

Ilibaki kazi moja ambayo hakuna fundi angetufanyia. Tulikwenda nyumbani kwa yule mama, wote sita, tukaketi kwenye mkeka. Tulimwambia kwamba mara ya kwanza haikuwa dhahabu, na kwamba siku ile ya mchango tulitambua alivyoelewa tukanyamaza. Tulikuwa na bahasha yenye fedha alizotoa.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na hii ya sasa ni dhahabu kiasi gani?"

"Chini ya pete, Mama."

"Na ile ya kwanza?"

"Hapakuwa na hata chembe."

Akaipokea bahasha, jambo ambalo hatukulitegemea. Tulidhani angeirudisha na kutubariki. Akaihesabu mbele yetu, akaifunga kwenye fundo la kanga. Halafu akatuletea chai na maandazi.

Jumapili iliyofuata alikuja mapema. Baada ya Misa alisimama kando ya tabernakulo, akainama, akautazama ule upande wa bawaba.

Kopo bado liko stoo. Tunawekea misumari.