Bomba la Kuvutia Oili

Wengi waliosoma shule yetu wamekwisha kuandika katika gazeti hili habari za safari zao na kazi zao. Mimi leo nitaandika habari za chombo kidogo tu, nacho ni bomba la kuvutia oili katika injini ya mashua. Chombo hicho kilinifundisha mambo mawili: moja mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa amelisema mara nyingi, nami nikalisikia kwa sikio moja; la pili halimo katika kitabu cha Fizikia.

Mwaka 2014 nalikuwa kidato cha tatu. Likizo ilipofika nalikwenda Ggaba, ukingoni mwa ziwa Victoria, kukaa na mjomba wangu. Mjomba alikuwa na mashua ya mbao ya kuchukulia ndizi na makaa kutoka visiwani. Mashua nyingi pale mwaloni zilikuwa na injini za petroli zinazofungwa nyuma, na zile za mapigo mawili huchanganyiwa oili ndani ya petroli, vikaungua pamoja. Injini ya mjomba haikuwa hivyo. Ilikuwa ya dizeli, imekaa ndani ya mashua, chini kabisa, nayo ilichukua lita 6 za oili. Oili hiyo sharti ibadilishwe kila baada ya muda, maana huchoka na kujaa masizi.

Motokaa ikitaka kubadilishwa oili, fundi hulala chini yake, akafungua nati ya sampu, oili ikatiririka ndani ya karai. Lakini mashuani fundi atalala wapi? Baina ya sampu na mbao hapakuwa na nafasi hata ya kopo. Basi kwa miaka mingi mjomba alikuwa akiifungua nati kwa kupapasa, oili ikamwagika katika ngama, yaani pale chini kabisa yanapokusanyika maji, kisha akayafua maji pamoja na oili yake na kuyatupa ziwani. Ukisimama pale baadaye ungeona maji yameng'aa rangi nyingi kama shingo ya njiwa. Na ni hapo Ggaba ilipo mitambo inayosafisha maji ya kunywa ya watu wa Kampala.

Siku moja mjomba akaniambia, "Kijana, maji haya tunayoyachafua leo ndiyo tutakayoyalipia kesho mferejini. Chukua fedha hizi, nenda Katwe ukatafute bomba la kuvutia oili kwa juu, katika tundu la dipstiki."

Katwe iko katika njia ya kwenda Entebbe, kabla hujafika Kibuye. Watu wa mbali wameijua kwa filamu ya mwaka 2016 iitwayo Queen of Katwe, yenye habari za Phiona Mutesi, msichana aliyejifunza sataranji huko. Sisi wa Kampala tuliijua zamani kwa sauti ya nyundo. Huko chuma hakifi: kilichovunjika huungwa, na kisichoungika hugeuzwa kuwa kitu kingine.

Nalifika huko nikijiona mtu mkubwa, fedha zimo mfukoni. Katika duka la kwanza nikaona bomba dogo la umeme wa betri, linang'aa, tena bei yake nusu ya mengine. Sikuuliza neno. Nikalilipia, na fedha iliyobaki nikanunua soda na chapati. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Kesho yake mjomba alikwenda sokoni, akaniachia kazi. Nikaingiza mrija, nikaunga nyaya katika betri, bomba likalia. Oili ilikuwa baridi na nzito, ikaja polepole. Zilipotoka kama lita 2, mrija ukabonyea, na bomba likanuka moshi. Nalipolifungua nikaona kigurudumu chake cha mpira kimevimba na mabawa yake yamekatika. Kumbe lilikuwa bomba la maji, na mpira wa namna ile haupatani na oili.

Mjomba aliporudi aliniuliza, "Imetoka yote?"

Ninyi mnaosoma, mnajua jinsi mtoto anavyoweza kujibu kabla hajafikiri. Nikasema, "Ndiyo, mjomba." Naye kwa kuniamini akamimina lita 6 mpya juu ya lita 4 za zamani.

Alipoiwasha, injini ilikwenda vizuri kitambo kidogo. Kisha ikaanza kutoa moshi wa buluu, halafu ikaongeza mbio yenyewe bila mtu kuigusa, ikanguruma hata mbao zikatetemeka. Mjomba akafunga dizeli, haikusimama. Sababu yake niliijua baadaye: oili ikizidi mno, kranki huipiga hata ikawa povu na mvuke, na mvuke ule huvutwa pamoja na hewa mpaka ndani ya silinda. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Ikipata kitu cha kuunguza, huunguza, na pale ilikuwa ikiunguza oili yake yenyewe. Watu wakaruka majini. Mjomba peke yake ndiye aliyebaki. Akashika ubao wa kukatia samaki, akauziba mdomo wa kuingizia hewa, akaukandamiza kwa nguvu zake zote. Injini ikakohoa, ikazima. Mikono yake ilikuwa inatoka damu.

Jioni nikamwendea nikamwambia kweli. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Uongo wako una lita ngapi?"

Nikajibu, "Lita nne, mjomba."

Akasema, "Na mimi nina kosa, sikupima. Basi kesho utarudi Katwe. Safari hii nenda na dipstiki mkononi, uulize kabla hujalipa."

Nikarudi. Mara hii nikaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa vyuma, ambaye Kiswahili alikipata Kisumu alipofanya kazi ujanani. Nikamsalimu, nikamweleza haja yangu. Hakunionyesha bomba lolote. Aliniuliza: Injini ni ya dizeli au ya petroli? Inachukua lita ngapi? Mtaivuta oili ikiwa baridi au moto? Tundu la dipstiki lina upana gani? Betri yenu ina nguvu? Oili chafu mtaiweka wapi? Katika hayo sita nalijua mawili.

Akachukua dipstiki, akaipima, akasema, "Mwanangu, watu hudhani bomba huvuta. Bomba halivuti. Bomba huondoa hewa tu, na hewa ya nje ndiyo inayoisukuma oili ipande." Akaleta debe la plastiki, akaliunga na bomba lake, akapiga mara chache. Debe likajikunja kama karatasi iliyofumbatwa.

Ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu na habari za Torricelli wa Italia, aliyeonyesha mwaka 1643 kwamba hewa ina uzito na kwamba uzito huo ndio unaoinua zebaki katika mrija. Basi hata ununue bomba kubwa namna gani, huwezi kupata msukumo uliozidi ule wa hewa yenyewe. Na huku kwetu, ziwa likiwa mita 1,134 juu ya bahari, hewa husukuma kwa upungufu wa kama sehemu moja katika nane kuliko Mombasa. Linalobaki katika uwezo wako ni mrija na joto. Mrija ukipunguzwa upana kwa nusu, oili ipitayo haipungui nusu, bali hupungua mara 16. Na oili ikipata moto huwa nyepesi. Kwa hiyo chagua mrija mpana kadiri tundu linavyoruhusu, nao usiwe laini hata ukabonyea, tena uwe wa kustahimili joto.

Kisha akanieleza mabomba yenyewe. La kwanza ni la mkono, la shaba, lenye pistoni: ni la kazi ya polepole, lakini likiharibika hutengenezwa popote. La pili ni la umeme lenye meno ya chuma: ni jepesi kwa mwenye injini kubwa na betri nzuri, ila lisitumiwe kamwe kuvutia petroli, maana cheche moja yatosha kuunguza mashua. La tatu ni la mtungi: unaondoa hewa mtungini kwa mkono, kisha oili inaingia yenyewe, nawe unaubeba mtungi mpaka nchi kavu bila kumwaga tone. "Ninyi mna betri dhaifu na mnaogopa kuchafua ziwa," akasema. "Chukueni la mtungi."

Hakuwa nalo, akalitengeneza. Alitwaa mtungi wa chuma wa lita 9 uliokuwa wa kuzimia moto, usioweza kujikunja kama lile debe. Akatwaa bomba la baiskeli, akakigeuza kikombe chake cha ngozi kitazame upande wa pili na kuweka vali, hata likawa linatoa hewa mahali pa kuitia. Mrija wa kuingia injini ukawa wa shaba nyekundu. Bei yake haikufika ile ya bomba langu la kwanza.

Desturi ni kuiwasha injini dakika kumi ili oili ipate moto, lakini kwa namna ilivyojaa hatukuthubutu. Tukangoja jua la mchana, nasi tukafanya kazi karibu saa nzima. Mjomba alinipa kopo la lita moja nipime yote yaliyotoka, nikihesabu kwa sauti. Zikatoka lita 9 na kidogo. Nyingine ilikuwa imekwenda na moshi. Oili ile chafu tukaitia katika debe zima, na tangu siku hiyo haikutupwa tena ziwani.

Mashua iliuzwa miaka mingi iliyopita, lakini mtungi ule ninao. Nanyi mnaokuja nyuma yetu, mkienda kununua chombo, cha mashua au cha kazi yoyote, kwanza iulizeni kazi yenyewe inataka nini, ndipo mtazame bei. Kuuliza si ujinga. Na mkiulizwa kama imetoka yote, hesabuni kwanza, ndipo mjibu.