Ukweli Tuliochelewa Kuusema

Wapendwa vijana wa parokia,

Kila mara tunapozungumza nanyi kwa simu, swali lenu ni lilelile: "Na sisi tufanye nini ili tufike Bulaya kusoma?" Swali hilo ni halali, wala hatuna haki ya kulikemea, kwa kuwa sisi wanne tunaoandika maneno haya tuliuliza hivyohivyo miaka michache iliyopita, tukiwa tumeketi kwenye mabenchi hayohayo mnayoketi ninyi baada ya Misa. Lakini simu ya dakika tano haitoshi kulijibu. Kwa hiyo tunawaandikia habari ya mwenzetu mmoja, ambayo kwa kweli ni habari yetu sote. Yeye mwenyewe ametuomba tuiandike, ila tusitaje jina lake.

Tuliondoka Bukavu mwezi wa Septemba 2023. Kabla ya hapo tulipita njia ambayo wengi wenu mnaijua kwa kusikia tu. Diploma ya Serikali hupelekwa Bruxelles ili itambuliwe kuwa inalingana na ile ya Ubelgiji. Hutafutwa mdhamini mwenye mshahara wa kutosha, ama fedha ya kuishi mwaka mzima huwekwa katika akaunti. Kisha sisi tulisafiri kwa ndege kutoka Kavumu hadi Kinshasa ili kuomba viza. Mama wa mwenzetu, mjane anayeuza sambaza katika soko la Kadutu, aliuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Wakati huo alitokea mtu aliyejitolea kututengenezea karatasi za benki za uongo kwa bei nafuu. Tulikataa, na tulijivunia sana kukataa kwetu. Hatukujua kwamba tulipokuwa tukienda hatungehitaji mtu wa kutuuzia uongo, tungeutunga wenyewe.

Tulifikia Louvain-la-Neuve. Ni mji mchanga, ulioanza kujengwa mwaka 1971, baada ya Chuo Kikuu cha Louvain, kilichoanzishwa mwaka 1425, kugawanyika kwa sababu ya ugomvi wa lugha. Katikati ya mji magari hupita chini na watu hutembea juu. Wanafunzi wengi hukaa katika vyumba viitwavyo kot, wakitumia jiko moja. Masomo yalikuwa katika kumbi zenye mamia ya watu, ambamo hakuna mwalimu aliyejua majina yetu wala aliyetusomea somo polepole ili tuandike. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 60. Mitihani hufanyika Januari na Juni, na aliyeshindwa hurudia mwishoni mwa likizo kubwa. Sisi tuliozoea kuwa wa kwanza darasani tulipokea matokeo yetu ya Januari tukakuta 6 juu ya 20, na 7 juu ya 20. Usiku ule hakuna aliyepika.

Mwenzetu alikuwa na mzigo mwingine. Tangu juma la kwanza ujumbe ulimfikia kutoka nyumbani: minervali ya mdogo wake, dawa za shangazi, kodi ya nyumba ya binamu. Haja hizo zote zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililozifanya ziwe nzito. Nani angeweza kuandika kwamba hana, hali yuko Bulaya? Sheria humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi masaa 20 kwa juma wakati wa masomo. Alianza kwa kusafisha ofisi usiku. Masaa hayo yalipokwisha akaongeza mengine, akawa analala ukumbini huku mwalimu akifundisha. Mwishoni mwa mwaka, katika krediti 60, alikuwa amepata 15.

Mama yake alipiga simu Dominika jioni, kama kawaida yake. "Na masomo, mwanangu?" Akajibu: "Yanaendelea vizuri, Mama." Sisi watatu tulikuwa jikoni tukisikia. Mama akaomba kutusalimu, nasi tukasema vilevile. Mmoja wetu, akidhani anatenda mapendo, aliongeza kwamba kijana wake amefaulu na yuko mwaka wa pili.

Majuma mawili baadaye tulitumiwa picha. Mama yule, akiwa amevaa kitenge kipya, alikuwa akipeleka matoleo altareni katika Misa, kikapu kimejaa maharagwe na ndizi, ili kumshukuru Mungu kwa kufaulu kwa mwanawe. Tuliitazama picha ile, kisha tukaacha kutazamana. Tangu siku hiyo mwenzetu hakuja tena Misa pamoja nasi. Alisema hawezi kukomunika huku akikumbuka kikapu kile. Sisi tuliendelea kwenda, tukapokea, tukaimba, kana kwamba dhambi ile ilikuwa yake peke yake.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari ikawa zamu ya mji wetu. Mnayajua hayo kuliko sisi, kwa kuwa ninyi mlikuwapo. Sisi tulikuwa na simu tu. Siku mbili hatukumpata mtu. Siku ya tatu mama akapiga mwenyewe. Alisema wako hai, wanalala wote katika korido mbali na madirisha, benki zimefungwa, na soko halina watu. Hakuomba fedha. Aliuliza kama mwanawe amekula. Halafu, kwa mazoea, akauliza: "Na masomo?"

Mwenzetu hakuweza tena. Alimwambia kila kitu: kazi ya usiku, krediti 15, mwaka wa pili usiokuwapo. Kimya kilikuwa kirefu hata tukadhani mtandao umekatika. Kisha mama akasema: "Kiwanja nilikiuza mimi mwenyewe, wala sikudai. Lakini ulinifanya niseme uongo mbele ya altare." Baada ya hapo alituita sisi watatu, mmoja mmoja kwa jina. "Na wewe, ulijua?" Kila mmoja alijibu: "Ndiyo, Mama."

Majuma matatu hakupiga simu. Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Alikuwa amesimama katika shirika lao, mbele ya majirani walewale walioshangilia kikapu chake, akawaeleza kwamba mwanawe alishindwa na kwamba shukrani ile haikuwa ya kweli. Wakasali rozari kwa ajili ya kijana huyo. Mwishoni mama alisema maneno machache tu: "Sasa usome. Nasi tutasema kweli hapa." Hatujui kama sisi tungekuwa na uhodari wa namna hiyo.

Katika Kwaresima ile tulisoma upya sura ya 15 ya Injili ya Luka. Tangu katekisimu tulidhani nchi ya mbali aliyoikimbilia yule mwana mdogo ni mahali penye starehe na anasa. Mwenzetu hakuwa na anasa hata moja. Alikuwa na ndoo na ufagio. Hata hivyo alikuwa mbali, kwa sababu mama yake hakujua tena jinsi anavyoishi. Safari ya kurudi nyumbani aliianza pale aliposema mambo yalivyo, angali amesimama katika jiko lilelile la kot. Na sisi je? Sisi tulikuwa ndugu waliomsaidia akae huko muda mrefu zaidi, tukauita msaada huo urafiki.

Tarehe 15 Juni 2025 tuliketi wanne mbele ya simu moja kufuata Misa iliyoadhimishwa Roma, ambamo Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenye heri. Alikuwa kijana mlei wa Goma, mfanyakazi wa ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa. Mwaka 2007, akiwa na miaka 26, aliuawa kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite kwenda kuliwa na watu. Tulipokuwa tukisikiliza habari zake, mwenzetu alisema kwa sauti ndogo: "Mimi nilimlisha mama kilichooza." Tukamjibu kwamba tulikipakua pamoja.

Septemba iliyofuata alianza masomo ya uuguzi katika shule nyingine. Kibali chake cha kuishi kiliongezwa baada ya miezi mingi ya kungoja kwa hofu, maana ofisi ya wageni hutazama kama mwanafunzi anasonga mbele. Hafanyi kazi zaidi ya masaa yaliyoruhusiwa, naye amewaandikia nduguze ni kiasi gani anaweza kutuma na ni kiasi gani hawezi. Wengine walikasirika, na mmoja hajamjibu hadi leo. Alhamisi jioni tunasali rozari jikoni. Baada ya sala kila mmoja anataja alama zake zilivyo na fedha zake zilivyo. Si jambo tamu. Mmoja wetu anarudia masomo mawili mwaka huu, na wazazi wake wamekwisha kuambiwa.

Basi, ndugu zetu, swali lenu tunalijibu hivi. Njooni, ikiwa njia ni halali na mmekwisha kuuliza gharama zote. Masomo ni mema, walimu ni hodari, na nchi yetu inahitaji watu walioelimika. Lakini kabla ya kuondoka, keti na wazazi wako, mkubaliane kwamba hata kushindwa kutasemwa. Ukifika, tafuta watu wawili au watatu wa kusali nao, watu watakaokuuliza maswali ambayo hutaki kuulizwa.

Nanyi mtakaobaki, mnaye ndugu au rafiki aliye mbali. Mkikutana katika kikundi, ulizaneni: mara ya mwisho tulipompigia, tulimwomba nini? Tulimpa nafasi ya kusema kwamba hajalala, au kwamba ameanguka mtihani? Angalitwambia kweli, tungalimpokea namna gani?

Mtuombee, kama nasi tunavyouombea mji wetu na kila nyumba yake. Na mkimwona mama yule sokoni Kadutu, nunueni sambaza zake.